Je, Wajua? Upepo Uliofungiwa ni Springi

Je, wajua kwamba pampu ya baiskeli ni springi? Chini ya miembe ya Tabora, mji ambako misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikitua, fundi baiskeli akitaka kuijaribu pampu huziba tundu lake kwa kidole gumba, husukuma mpini hadi unapogoma, kisha huuachia. Ukirudi wenyewe, ngozi ya ndani ni nzima. Ukibaki chini, upepo unavuja.

Wanaounda roboti za mashindano hufanya vivyo hivyo. Huchukua silinda ya upepo, huijaza kiasi, huziba matundu na kuifunga kwenye mkono wa roboti. Mkono ukishuka, upepo hubanwa. Ukipanda, upepo huusukuma na kuipunguzia mota mzigo. Na hapa ndipo upepo unapokipiku chuma: ukitaka springi ngumu zaidi, hununui nyingine, unaongeza upepo tu.

Mwanasayansi Robert Boyle alieleza kanuni hii mwaka 1662: upepo ukibanwa hadi nusu ya nafasi yake, joto lisipobadilika, kanieneo huwa maradufu. Ndiyo maana mpini huanza laini na kuishia mgumu.

Mpagazi wa Kinyamwezi katika misafara ile ya Tabora, na pembe ya ndovu begani, springi yake ilikuwa magoti yake. Leo mabasi mengi makubwa hukalia mifuko ya mpira yenye upepo. Abiria wakijaa, vali huongeza upepo, na bodi hubaki kimo kilekile.