Kadi ya zamani inaposema "serum hepatitis"

Wanavikundi wetu wa Bungoma na Kitale,

Si ajabu kukuta kadi ya hospitali ya miaka ya sitini au sabini ikiwa bado imetunzwa ndani ya sanduku la mama. Ukiisoma, pengine daktari ameandika "serum hepatitis". Siku hizi hawaandiki hivyo. Ni jina la zamani la homa ya ini ambayo leo inaitwa hepataitisi B.

Hepataitisi ni ini kuvimba. Seramu ni maji ya damu. Damu ikiganda kwenye chupa, maji ya manjano hujitenga, kama vile maziwa yaliyoganda yanavyotoa maji. Ugonjwa ulipewa jina hilo kwa sababu ulionekana ukifuata sindano. Mwaka 1883 huko Bremen, Ujerumani, wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa ndui kwa dawa iliyotengenezwa kwa limfu ya watu. 191 kati yao wakageuka manjano. Mwaka 1942 askari wa Marekani wapatao 50,000 walilazwa baada ya chanjo iliyotengenezwa kwa seramu. Na chanjo yenyewe ilikuwa ya kuzuia homa ya manjano!

Hapo tuelewane. Sisi husema "homa ya manjano" kwa kila mtu mwenye macho ya manjano. Ile iliyozuka Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993 huletwa na mbu, na ni ugonjwa mwingine kabisa.

Zamani hapakuwa na kipimo. Daktari aliuliza tu: ulidungwa sindano? Uliongezwa damu? Lini? Maana ugonjwa huu hukaa kimya mwezi mmoja na nusu hadi miezi sita kabla ya kujionyesha. Mwaka 1947 daktari MacCallum wa Uingereza alipendekeza herufi: A kwa ile ya maji na chakula kichafu, B kwa hii ya seramu. Kipimo kilitokana na kazi ya Baruch Blumberg, aliyetangaza mwaka 1965 kitu alichokiona katika damu ya mtu wa Australia. Hepataitisi C, ambayo pia hupita kwenye damu, ilitambuliwa mwaka 1989. Kwa hivyo kadi ya zamani inaonyesha kile daktari alichodhania. Mara nyingi ni B, lakini siyo lazima.

Jina hilo liliachwa pia kwa sababu linapotosha. Mtu hujiambia, "Mimi sijadungwa sindano, niko salama." Kumbe kirusi hupita kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa, kwa kujamiiana, kwa wembe, na kwa kisu cha tohara. Kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba. Wazazi wa Bungoma, mwezi wa nane wa mwaka wa tohara ukifika, mwulizeni mtahiri waziwazi: kila kijana ana kisu chake, au ni kimoja kwa wote? Si kumkosea heshima. Lakini kula ugali sahani moja hakuambukizi, wala kusalimiana kwa mkono. Kikundi kisimzuie mtu kupika siku ya mkutano.

Mtu mzima aliyeugua mara nyingi hupona kabisa. Mtoto mchanga ndiye wa kuhofia: wakiambukizwa kumi wakati wa kuzaliwa, karibu tisa hubaki na kirusi, bila dalili, mpaka ini liharibike ukubwani. Ndiyo sababu kadi ya mama ina uzito kuliko ya baba. Kama aliugua karibu na wakati wa kukuzaa, kapimwe damu, hata kama unajisikia mzima.

Chanjo ya watoto ilianza nchini Kenya mwaka 2001, kwa hivyo wengi wetu tuliozaliwa kabla yake hatukuipata. Mtu mzima asiye na kirusi huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Aliyekutwa nacho kuna dawa za kukizuia kisile ini, lakini mara nyingi ni za kumeza miaka mingi, na watu wa nyumbani kwake nao wapimwe. Mkienda hospitalini, bebeni ile kadi.