Kesi Iliyofutwa Imerudi, na Wakili Huna

Tuseme, msomaji, kwamba mwuza mbao alikushtaki mahakama ya wilaya, akidai shilingi milioni 40 za mbao na mabati. Ulihudhuria mara nne. Mara ya tano mdai hakuonekana, hakimu akaifuta kesi, nawe ukarudi nyumbani ukamwambia mama watoto, "Yamekwisha." Baadaye tarishi wa mahakama anapiga hodi na karatasi: mdai anaomba kesi yake irudishwe. Fedha ya kumpa wakili huna. Ufanyeje?

Kwanza ipokee karatasi hiyo. Wako watu wanaojificha chumbani wakidhani kwamba karatasi isipopokelewa haina nguvu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ambayo hata leo hutumika Tanzania Bara katika mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu, iliwafikiria watu wa namna hiyo zamani sana. Ukikataa kutia sahihi, karatasi yaweza kubandikwa mlangoni pako, tarishi akaenda kuapa jinsi alivyofanya, na mahakama ikaona kwamba umekwisha pata habari. Basi tia sahihi, uandike na tarehe. (Mahakama za mwanzo zina kanuni zake, nazo hatuzisemi hapa.)

Pili, soma uone ni kitu gani hasa ulicholetewa. Watu husema tu "kesi imefufuliwa," lakini njia ni zaidi ya moja. Kama siku ile mlikosa kufika ninyi wote wawili, mdai ana hiari: aweza kuomba amri ya kufuta iondolewe, au aweza kufungua kesi mpya maadamu muda wa sheria haujapita. Muda huo kwa deni la mkataba ni miaka 6, kwa ardhi miaka 12, na kwa madhara yasiyotokana na mkataba miaka 3. Lakini kama wewe ulifika, ukawa unayakataa madai, naye peke yake ndiye hakufika, mambo ni mengine kabisa. Hawezi tena kufungua kesi mpya juu ya sababu ileile. Amebakiwa na mlango mmoja tu, yaani kuiomba mahakama iliyofuta iondoe amri yake, akitoa sababu ya kutosha. Tena mahakama haina ruhusa ya kumkubalia kabla wewe hujapewa habari.

Kwa hiyo hapana budi uende masjala ya mahakama, uombe kulisoma jalada na kupata nakala ya amri iliyoifuta kesi. Angalia nani aliandikwa kuwa amefika siku ile. Mstari mmoja wa mwandiko wa hakimu waweza kukufaa kuliko maneno yote uliyokusudia kusema.

Ukiwa bado na jalada, hesabu siku. Mdai amepewa siku 30 tangu kesi ilipofutwa. Zikipita, yampasa kwanza aombe kuongezewa muda, na hilo si jambo jepesi. Katika shauri la Lyamuya Construction, lililoamuliwa mwaka 2011, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupita kiasi, naye aonyeshe bidii wala si uzembe. Akisema alilazwa hospitali siku tatu, wewe uliza siku arobaini zilizosalia alikuwa wapi.

Majibu yako huandikwa katika hati iitwayo kiapo kinzani, na hapa ndipo wasio na wakili hujikwaa. Mwaka 1966, katika shauri la Matovu la Uganda, majaji walieleza kwamba kiapo ni cha mambo ya hakika anayoyajua mwenye kuapa, si mahali pa kuomba, kubishana wala kutoa hukumu. Uamuzi huo unafuatwa na mahakama za Tanzania mpaka leo. Basi usiandike, "Mdai ni mwongo na maombi yake yatupwe." Andika hivi: "Siku hiyo nilifika mahakamani asubuhi. Kesi ilipoitwa mdai hakuwapo. Jioni ileile nilimkuta dukani kwake akiuza." Kila jambo na aya yake, kila aya na namba yake. Jambo uliloambiwa na mtu mwingine, sema ni nani aliyekuambia. Kisha ukaape mbele ya kamishna wa viapo, nawe usiondoke kabla hujaona mahali na tarehe ya kiapo vimeandikwa, maana viapo vingi vimekataliwa kwa upungufu huo mdogo. Mpe mdai nakala, na nakala yako yenye muhuri wa mahakama uitunze.

Kama kosa la mdai laonekana katika karatasi zenyewe, kwa mfano siku 30 zimepita naye hakuomba kuongezewa, hilo ni jambo la sheria tupu. Waweza kulileta kwa hati ya pingamizi la awali. Shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969 liliweka mpaka: pingamizi la namna hiyo halitaki ushahidi. Habari ya kumkuta dukani yataka ushahidi, kwa hiyo mahali pake ni katika kiapo.

Labda utasema, "Lakini Kiingereza cha sheria sikijui." Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, lugha ya mahakama za Tanzania ni Kiswahili. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia bila malipo watu wasio na uwezo. Afisa wa ustawi wa jamii wilayani aweza kukuelekeza kwao. Wale vishoka wanaokaa chini ya mwembe nje ya mahakama na kalamu sikioni, uwaepuke. Wakikuharibia kiapo hutawaona tena.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze. Si kila ombi la kurudisha kesi linafaa kupigwa vita. Ikiwa mdai kweli alilazwa, ana karatasi za hospitali, naye aliomba mara alipotoka, mahakama yaelekea itamkubalia, kwa kuwa mahakimu hupenda kesi ikatwe kwa kusikilizwa kuliko kwa mtu kukosa kufika. Hapo ni heri useme kwa adabu kwamba hupingi, lakini unaomba ulipwe gharama zako za siku ile uliyofika bure. Nguvu zako ziweke akiba kwa kesi yenyewe.

Na kesi ikirudishwa, usikimbilie rufani. Tangu mwaka 2002 sheria hairuhusu rufani juu ya amri ndogo ya katikati isiyomaliza kesi. Kesi hurudi pale ilipokuwa imefika. Kama ulikuwa umekwisha leta majibu yako ya maandishi, yangali yapo jaladani. Kama hukuleta, mwambie hakimu siku hiyohiyo, upate amri iliyo wazi juu ya tarehe ya kuyaleta. Kwa kawaida ni siku 21 tangu kupokea wito, na ukichelewa huenda kesi ikasikilizwa upande mmoja, wewe ukiwa nje. Katika majibu hayo jibu kila aya ya mdai kwa namba yake. Kuandika "nakataa yote" hakutoshi. Jambo usilolikana waziwazi huhesabiwa kwamba umelikubali.

Zungumza na mwenzako wa nyumbani mapema. Mara nyingi ni yeye anayejua stakabadhi ziko katika sanduku lipi, na fundi gani alikuwapo mbao ziliposhushwa. Stakabadhi moja ya shilingi milioni 15, yenye sahihi ya mwuzaji, haipotewi na kumbukumbu kama mashahidi wanavyopotewa.

Kabla ya ushahidi kusikilizwa, mtapelekwa kwa msuluhishi. Nenda ukiwa umekwisha piga hesabu ya nyumbani: karo, chakula, kodi ya duka. Kama kweli umebakiza deni la milioni 10, waweza kukubali kulipa kidogo kidogo, lakini taja kiasi ambacho hata mwezi wa mvua utakipata. Mapatano hayo yakiandikwa na mahakama huwa tuzo, na ukishindwa kulipa, dalali wa mahakama aweza kutumwa kwako pasipo kesi kusikilizwa tena.