Maji ya Kifuu Yanavyouzwa Extremadura

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, nyumba za wageni zinazozunguka Hifadhi ya Taifa ya Monfragüe, magharibi mwa Hispania, hazilalamikii biashara. Waingereza, Waholanzi na Wajerumani hufika na darubini shingoni, hukaa wiki nzima wakihesabu tumbusi na tai, kisha hurudi kwao. Juni ikiingia mambo hugeuka. Nyasi zimekauka, kipimajoto kinapita nyuzi 40, na ndege wamekwisha kuimba, wamejichimbia kwenye vivuli vya mialoni. Kwa miaka mingi ushauri wa wazoefu kuhusu Julai na Agosti katika jimbo hili la Extremadura ulikuwa mmoja tu: kaa kwako.

Ushauri huo ulikuwa na gharama yake. Eneo la Extremadura linakaribiana na la nchi nzima ya Uswisi, lakini wakazi wake ni kama milioni moja, na vijana wamekuwa wakihamia Madrid na Barcelona tangu enzi za babu zao. Jimbo halipakani na bahari. Fedha za watalii wa kiangazi, ambazo ndizo nyingi zaidi katika uchumi wa utalii wa Hispania, hulipita juu kwa juu zikielekea fukwe za kusini na mashariki. Ndege ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo jimbo hili linazo kuliko majirani, na bidhaa hiyo ilikuwa ikidoda miezi ileile ambayo Ulaya nzima iko likizoni.

Kilichobadilisha hesabu ni dimbwi la maji. Si ziwa wala bwawa. Ni dimbwi lenye ukubwa wa meza ya chakula, lililotandikwa karatasi ya plastiki chini na kuzungushiwa mawe, magogo na ukoga ili lipendeze kwenye picha. Pembeni yake kuna kibanda, mara nyingi kilichozamishwa nusu ardhini, chenye kioo kinachomruhusu aliye ndani kuona nje huku ndege wa nje wakiona taswira yao tu. Ndani mna viti viwili au vitatu na nafasi ya kuweka lenzi ndefu. Waliotangulia walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Katika nchi ambayo vijito hukauka Juni na mvua kubwa hurudi Oktoba, madebe machache ya maji huwaita keremkerem, hudihudi, hua, shorewanda, na yule kunguru mdogo wa buluu mwenye mkia mrefu ambaye hapatikani popote Ulaya isipokuwa Hispania na Ureno.

Hapo ndipo ukame unapogeuka mtaji. Wakati wa masika ya Ulaya maji yapo kila bonde, na dimbwi halina mvuto wowote. Kadiri jua linavyokausha nchi, ndivyo thamani ya dimbwi inavyopanda. Mwenye kibanda hauzi ndege, maana ndege si mali yake. Anauza uhaba. Msomaji anayeikumbuka hoteli ya Treetops kule Aberdare nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1932 kando ya dimbwi la wanyama, ataona kwamba mantiki si ngeni. Tofauti ni kwamba Wahispania wameipunguza hadi ikatosha kwenye kona ya shamba na mfuko wa mtu wa kawaida.

Kiti kimoja kwa siku huuzwa kati ya yuro 80 na 200 hivi, kutegemea nani anatarajiwa kuja. Madimbwi ya ndege wadogo huwa upande wa chini. Tai mfalme wa Iberia huwa juu, na juu zaidi yuko linksi wa Iberia, ambaye si ndege lakini hukaa kwenye orodha hiyohiyo ya bei. Kibanda cha viti vitatu kikijaa kwa yuro 100 kila kiti huingiza yuro 300 kwa siku. Gharama za kuendesha si kubwa: tangi la maji linaloletwa kwa gari, nafaka kidogo au minyoo, mafuta ya dizeli, na mtu wa kuwafikisha wageni gizani. Mzigo mkubwa uko mwanzoni, nao ni wa muda kuliko fedha. Ndege lazima wazoeshwe mahali pale kwa wiki na miezi kabla mteja wa kwanza hajalipa, na mwenye kuharakisha huishia kuuza dimbwi tupu. Mteja aliyekaa saa nane mbele ya maji matupu harudi, na huwaambia wenzake.

Sehemu ya pili ya hesabu hii imetoka Japani. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha huko, kamera za kidijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani mwaka 2010 zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ya mkononi imeua kamera ndogo, kwa hiyo kampuni zilizobaki zimeelekea kwa mteja aliye tayari kulipa sana, na mpiga picha za ndege ni mmoja wao. Kamera za sasa hulitambua jicho la ndege zenyewe na kulifuata likiruka. Lenzi za kuvuta hadi milimita 600, ambazo zamani zilikuwa za wataalamu tu, sasa zina matoleo ambayo mwalimu mstaafu wa Leeds au Utrecht anayamudu.

Lakini kuna kitu ambacho kamera hizo haziwezi kukirekebisha. Ni mazigazi. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake hucheza, na picha ya ndege aliye mita 80 hutoka imeyeyuka hata kama lenzi imegharimu maelfu ya yuro. Kiangazi cha Extremadura tatizo hilo huanza mapema asubuhi na kudumu hadi jua linapolala. Dawa yake ni moja, kumsogelea ndege hadi hewa iliyo katikati iwe ya mita tano au sita. Na kwa kuwa ndege hasogelewi, lazima aje mwenyewe. Kwa maneno mengine, kiwanda cha lenzi kinamuuzia mteja hamu, na mwenye dimbwi anamuuzia namna ya kuitimiza. Biashara hizi mbili hazina mkataba wowote kati yao, lakini moja isingekua bila nyingine.

Siku ya kazi ina mkato wake. Extremadura iko mbali magharibi lakini hufuata saa za Berlin, hivyo mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 4 usiku. Wageni huingia kibandani kabla ya mapambazuko, hutoka saa 4 au 5 asubuhi, hula, hulala, kisha hurudi jioni. Kasoro ya mpango huu wanaijua wote walio kwenye kazi: ndege wengi hunywa zaidi saa zilezile za joto kali ambazo mgeni anataka kulala. Anayeng'ang'ania kubaki ndani mchana hupata picha nzuri na hatari ya kuzimia. Feni, paa la udongo na kuta nene zimekuwa sehemu ya ushindani, na ningesema ni sehemu inayofaa kulipiwa kuliko kioo cha bei mbaya.

Vibanda vya tumbusi vina historia tofauti, na ndani yake mna somo la jinsi sheria inavyoweza kufunga na kufungua biashara. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Umoja wa Ulaya ulibana kanuni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mizoga ya mifugo ikawa ni ya kukusanywa na kuteketezwa. Majalala ya mizoga ya vijijini, yaliyowalisha tumbusi kwa karne nyingi, yakafungwa, ndege wakalala njaa, na wafugaji wakalipia malori ya kubeba kile ambacho zamani kililiwa bure. Kanuni mpya za Ulaya za 2009 na 2011, pamoja na amri ya serikali ya Hispania ya mwaka 2011, zikarudisha ruhusa ya kulisha ndege hao mahali palipoidhinishwa. Hispania ina zaidi ya jozi 30,000 za tumbusi wa Griffon, sehemu kubwa kabisa ya wale wa Ulaya, hivyo mwenye kibali hana shida ya wateja wenye mabawa. Harufu ya Agosti ni jambo lingine, na matangazo hayaitaji.

Nani anakula faida? Mashamba ya Extremadura ni makubwa. Kwenye yale ya mialoni nguruwe weusi hunenepeshwa kwa mbegu za miti hiyo tangu vuli, na ham yao ina bei. Haki ya kuwinda nayo huleta fedha nzuri. Kwa mwenye shamba la namna hiyo, kodi ya kona moja yenye kibanda ni pesa ya chumvi, na mara nyingi mwendeshaji wa vibanda ni mtu mwingine kabisa: mwongoza watalii au mpiga picha wa hapo aliyekodi ardhi kwa makubaliano ya mwaka hadi mwaka. Huyo ndiye anayebeba hasara. Mgeni naye hushuka Madrid, Sevilla au Lisbon na kukodi gari hukohuko, hivyo nauli na kodi ya gari haziugusi mji wa hapo wa Trujillo. Zinazobaki kijijini ni za kitanda, chakula na kibanda.

Malalamiko ya ndani ya fani ni juu ya picha zenyewe. Tawi lilelile, ukoga uleule, keremkerem yuleyule, mpiga picha tofauti. Waandaaji wa mashindano wamekuwa wakali tangu Januari 2010, pale shindano la Wildlife Photographer of the Year la London liliponyang'anya ushindi picha ya mbwamwitu akiruka lango, iliyopigwa na Mhispania, waamuzi wakiamini kwamba huenda mnyama alikuwa wa kufugwa, jambo ambalo mpiga picha alilikana. Kibanda halali hakina udanganyifu wa aina hiyo, lakini thamani ya picha hupungua kila inapopigwa tena. Ninavyoona, hili ni tishio dogo. Wateja wengi hawatafuti tuzo. Wanataka picha ya ukutani, na ya ukutani ni moja kwa kila nyumba.

   

Tishio kubwa lipo kwenye jua lenyewe. Agosti 2021 mji wa La Rambla katika jimbo jirani la Andalusia ulipimwa nyuzi 47.6, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyothibitishwa Hispania. Julai 2022 moto ulioanzia upande wa Casas de Miravete ulifika hadi Monfragüe na kufunga barabara kuu ya A-5, ambayo ndiyo inayowaleta wateja kutoka Madrid. Na maji yanayoonekana kuwa rahisi yana wagombea wengine. Doñana, hifadhi maarufu ya ndege huko Andalusia, imezungukwa na mashamba ya stroberi yanayonyonya maji ya ardhini. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikuta Hispania na hatia mwaka 2021, na mwaka uliofuata ziwa dogo la Santa Olalla, la mwisho lililokuwa likidumu mwaka mzima, lilikauka kabisa. Likakauka tena 2023.

Kwenye nyanda za wazi za Extremadura, makao ya tandawala na firigogo, mshindani ni paneli za umeme wa jua. Kituo cha Núñez de Balboa, Badajoz, cha megawati 500, kilianza kazi mwaka 2020. Cha Francisco Pizarro, cha megawati 590, kilifuata 2022 karibu na Trujillo. Mwekezaji wa umeme huja na mkataba wa miongo na kodi ya kila hekta, na hakuna kibanda kinachoweza kumjibu. Tandawala mdogo tayari alikuwa amepungua kwa karibu nusu nchini Hispania kati ya 2005 na 2016, hasa kwa sababu ya mabadiliko ya kilimo. Penye mialoni hali ni nafuu, kwa kuwa miti hiyo hulindwa na ham ina bei, na ndiko vibanda vingi vilikojikita.

Kwa hiyo mtu akiwa na yuro 20,000 na nia ya kuingia katika biashara hii, asianze na kioo. Aanze na mwenye shamba, apate karatasi ya miaka kumi badala ya mmoja, kisha kisima chenye kibali. Kibanda kinajengwa kwa wiki mbili.