Istilahi za Kasoro katika Uchapishaji wa Mabango

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa ni kazi ya mezani tu. Lakini istilahi isiyokuwepo, au iliyopo ikabeba maana mbili, yaweza kumgharimu mtu wino, turubai na siku nzima ya kazi. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuzitazama kasoro nne za mitambo mikubwa ya kuchapia mabango.

Tuanze na mfano. Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, ni mji wa stesheni kwenye reli itokayo Tabora, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Mchapaji mmoja wa hapo alimpigia simu fundi wake aliyeko mbali, akasema, “Bango lina mistari.” Fundi akamjibu, “Safisha kichwa.” Akasafisha mara sita, wino ukapungua, mistari ikabaki. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Kosa lilikuwa katika neno mistari, ambalo mmoja alilitumia kwa kasoro moja na mwenziwe akalielewa kwa kasoro nyingine.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tueleze jinsi mtambo unavyofanya kazi. Kichwa cha kuchapia huenda na kurudi juu ya turubai, kikirusha matone ya wino kupitia matundu membamba kuliko unywele. Kila kinapomaliza safari yake, turubai husogezwa mbele kidogo, na safari nyingine huanza. Basi picha nzima ni vipande vilivyounganishwa pamoja, kama nguo ya fundi cherehani.

Kasoro ya kwanza tunapendekeza iitwe pengo. Tundu likiziba, wino wake haufiki kwenye turubai, na mstari mwembamba hubaki bila rangi hiyo. Neno hili kila mtu analijua kwa habari ya meno. Pengo hutambulika kwa kuchapa kielelezo cha majaribio, ambacho huonyesha kila tundu la kila rangi: penye tundu lililoziba, kistari chake hukosekana. Dawa yake ni kusafisha kichwa, kisha kuchapa kielelezo upya. Mapengo yasipopungua baada ya kusafisha mara mbili au tatu, haifai kuendelea kupoteza wino. Na tuchunguze kama wino umekwisha, kama hewa imeingia katika mirija, au kama kifuniko cha kichwa hakizibi sawasawa.

Kasoro ya pili tunaiita mshono. Hapa matundu yote ni mazima, na kielelezo hakina dosari, ila turubai halikusogezwa kwa kipimo kinachostahili. Likisogezwa kupita kiasi, huonekana mstari mweupe baina ya vipande: huo ni mshono ulioachia. Likisogezwa pungufu, vipande hupandana na mstari huwa mzito: huo ni mshono uliopandana. Mshono hujirudia kwa umbali ule ule, na hukata rangi zote kwa pamoja. Dawa yake ni kurekebisha kipimo cha usogezaji, na kukipima tena kila aina ya turubai inapobadilishwa, kwa kuwa uzito na utelezi wake hutofautiana. Hii ndiyo kasoro iliyompata mchapaji wetu. Kusafisha kichwa kusingemfaa kamwe.

Kasoro ya tatu ni upacha. Matone yarushwayo wakati wa kwenda yasipoangukia mahali pamoja na yale ya kurudi, kila herufi huwa na ukingo wa pili. Dawa yake ni kulinganisha safari hizo mbili. Kichwa kikiinuliwa mno juu ya turubai, upacha huzidi, maana tone husafiri mbali zaidi kabla ya kutua.

Ya nne ni mkwaruzo, yaani alama ya kichwa kuligusa turubai. Husababishwa na turubai lililojikunja au kuinuka kwa joto, au na uzi ulionasa chini ya kichwa. Katika ukanda wa pamba, ambako nyuzi na vumbi la kiangazi huingia kila chumba, mchapaji hana budi kuufunika mtambo kila jioni. Joto likipunguzwa na kichwa kikiinuliwa kidogo, mkwaruzo huisha. Lakini hapo ulinganishaji ufanywe upya, usije ukazaliwa upacha.

Msomaji ataona kwamba maneno yote manne ni ya Kiswahili cha kila siku. Hatukuyatafuta mbali. Tumeongozwa na kanuni mbili: dhana moja ipewe istilahi moja, na istilahi imwelekeze mtumiaji kwenye chanzo cha kasoro, si kwenye sura yake tu. Neno mistari hueleza sura. Pengo na mshono hueleza chanzo, na kwa hiyo huelekeza dawa.

Watumishi wa serikali waagizao mabango ya sherehe nao watafaidika. Badala ya kuandika kwamba kazi “haikuridhisha”, wataweza kutaja kasoro kwa jina lake, na mchapaji ajue la kufanya. Walimu wa ufundi na wafasiri wa vitabu vya maelekezo wanaombwa kuyajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao, hasa pale ambapo mafundi wa mahali pao wana neno lililo bora zaidi.