Ukisikia Kuna Hotuba ya Mambo ya Ulimwengu, Nenda na Swali

Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba inapoingia, matangazo ya hotuba juu ya mambo ya ulimwengu huonekana kwa wingi katika vyuo vikuu, maktaba na majumba ya mikutano. Moja husema habari za vita na amani, jingine habari za biashara baina ya mataifa, jingine habari za mvua zilizopotea majira. Chini yake aghalabu huandikwa ya kwamba watu wote wakaribishwa, wala hapana kiingilio. Watu wengi hulisoma tangazo, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Husema moyoni: hayo ni mambo ya maprofesa na mabalozi, mimi mwenye duka la rejareja, au mwalimu wa shule ya msingi, nitakwenda kufanya nini huko?

Twapenda kulijibu swali hilo kwa habari za kijana mmoja wa Mombasa.

Kijana huyo ni Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa tarehe 24 Februari, 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mtu wa elimu na wa kalamu, naye alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa bado shuleni. Mtihani wa Cambridge ulipokuja mwaka 1949, Ali hakufanya vema. Alama zake hazikutosha kumwingiza Makerere, na katika siku zile Makerere ndiyo iliyokuwa lango la elimu ya juu kwa Afrika ya Mashariki yote. Basi akapata kazi ndogo katika chuo cha elimu ya Waislamu palepale Mombasa, na mtu angeweza kudhani ya kuwa habari yake ya masomo imekwisha.

Haikwisha, na sababu yake ni hotuba. Siku moja, katika sherehe ya Maulidi, kijana alisimama akasema mbele ya watu, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwamo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alipendezwa na maneno yake, akataka kumjua, na kutokana na kujuana huko njia ya masomo ya ng'ambo ikafunguka. Mwaka 1955 Ali alikwenda Huddersfield katika Uingereza, kisha Manchester, ambako alipata shahada mwaka 1960. Kisha akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akarudi Uingereza kusoma Oxford. Mwaka 1963 akaja kufundisha Makerere, na miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa profesa hapo. Chuo kilichomkataa kama mwanafunzi kikampa kiti cha mwalimu.

Hatusemi ya kwamba kila asimamaye katika ukumbi atasikiwa na mkubwa. Wengi husimama, wakasema, wakaketi, na kesho yake hapana ajuaye. Lakini yafaa kukumbuka ya kuwa yule kijana hakuwa na cheti cha kujivunia. Alikuwa na jambo la kusema, naye alipata mahali pa kulisemea.

Sasa msomaji na ajue ya kwamba si kila mkutano wa mambo ya ulimwengu una mlango ulio wazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wajumbe walipokutana Paris mwaka 1919 kutengeneza mapatano ya amani, baadhi ya washauri wa Kiingereza na wa Kimarekani waliona ya kuwa mambo ya mataifa yahitaji kuchunguzwa daima, wala si wakati wa vita tu. Wakapatana waanzishe chama cha kazi hiyo. Cha London kikaanza mwaka 1920, nacho ndicho kiitwacho Chatham House, kwa jina la nyumba yake iliyoko St James's Square. Na cha New York kikafuata mwaka 1921. Hapo Chatham House, mwaka 1927, ikawekwa kanuni ambayo siku hizi hufuatwa katika nchi nyingi, hata Nairobi. Mkutano ukifanywa kwa kanuni hiyo, aliyehudhuria ana ruhusa ya kuzitumia habari alizozisikia, lakini hana ruhusa ya kumtaja aliyezisema wala upande aliotoka.

Kanuni hiyo ina faida yake, wala hatuidharau. Waziri ajuaye ya kuwa jina lake halitaonekana gazetini kesho aweza kusema lililo moyoni mwake, hata kama ni kukiri kosa. Lakini ina hasara pia, nayo ni kubwa: yule anayezungumzwa mara nyingi hayumo chumbani. Waafrika twaijua hasara hii tangu zamani. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, ambao uliweka kanuni za mataifa ya Ulaya kujitwalia pwani za Afrika, haukuwa na mtawala hata mmoja wa Kiafrika mezani. Mkutano ule haukuwa wa hotuba, ulikuwa wa mapatano ya serikali. Lakini tabia ya kuzungumza habari za mtu pasipo mwenyewe ni ileile. Ndiyo sababu twauona ule mkutano mwingine, wa mlango wazi, kuwa kitu cha thamani.

Mfano ulio maarufu ni hotuba za Reith, zitolewazo na redio ya BBC kila mwaka. Zilipewa jina la John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC, na za kwanza zilitolewa mwaka 1948 na Bertrand Russell. Mwaka 1961, ule uliokuwa mwaka wa uhuru wa Tanganyika, aliyehutubu alikuwa Bibi Margery Perham wa Oxford, na jambo alilolisema lilikuwa hesabu ya ukoloni, faida yake na hasara yake. Alikuwa mwanamke mwenye elimu kubwa juu ya Afrika. Hata hivyo ilikuwa ni Mwingereza akiwaeleza Waingereza habari za Waafrika. Mwaka 1965 akaja Robert Gardiner wa Ghana, ambaye wakati huo alikuwa akiiongoza Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, iliyoko Addis Ababa. Na mwaka 1979 ikawa zamu ya yule kijana wa Mombasa.

Profesa Mazrui alitoa hotuba sita juu ya hali ya Afrika, na kila moja aliijenga juu ya fumbo. Afrika ndiyo nyumba ya kwanza ya mwanadamu, lakini imechelewa kufanywa mahali pa maisha mema. Waafrika si watu walioteswa kuliko wote, lakini ndio waliodharauliwa kuliko wote. Desturi zao ziko mbali na za Ulaya, lakini wamebadilishwa upesi na mambo ya Ulaya. Nchi yao ina mali nyingi ardhini, nao ni maskini. Bara lao ni kubwa, nalo limekatwa vipande vingi. Limekaa katikati ya dunia kwa ramani, lakini pembeni kwa nguvu.

Katika hotuba ya mwisho alisema neno lililowashtua wengi: baadhi ya nchi za Afrika zijipatie silaha za nyuklia. Fikira yake ilikuwa ya kwamba wakubwa hawataona haja ya kuziondoa silaha hizo duniani mpaka waogope kuziona mikononi mwa watu wasiowatazamia. Sisi hatukubaliani naye katika jambo hili, maana hofu si dawa iliyo rahisi kupimwa. Lakini hiyo ndiyo kazi ya hotuba ya hadhara. Msikilizaji apewa neno la kubishana nalo njiani arudipo nyumbani, na pengine aamkapo asubuhi angali akibishana nalo.

Mazrui mwenyewe hakuogopa kubishiwa. Mwaka 1970, huko Makerere, alijadiliana mbele ya watu na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Rodney alifuata mafundisho ya Marx, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Mazrui hakukubaliana na njia hiyo ya kuyatazama mambo. Waliposimama wawili hao, wanafunzi hawakuambiwa lipi la kuamini. Waliona wenye elimu wawili wakipingana pasipo kutukanana, wakaachiwa kupima wenyewe. Miaka michache tu baadaye Uganda ya Idi Amin haikuwa tena mahali pa maneno kama hayo, na mwaka 1973 Mazrui alikuwa amekwisha kuondoka. Alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba, 2014, akaletwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus.

Turudi kwa mwenye duka, ambaye hatujamjibu sawasawa. Bwana huyu adhani mambo ya ulimwengu hayamhusu. Je, hakununua unga wa ngano mwaka 1922? La, hatukusudii miaka mia iliyopita. Twasema mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Ngano nyingi itumiwayo Kenya hutoka nchi za nje, na nchi hizo mbili ni miongoni mwa waiuzao. Bandari za Bahari Nyeusi zilipofungwa na vita, bei ya unga na ya mbolea ilipanda hata kwa mtu asiyejua Odessa iko upande gani. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mapatano yalitiwa sahihi Istanbul ili meli za nafaka zipite. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai vilevile, Urusi ikajitoa. Mwenye duka ambaye kila siku aulizwa na wateja kwa nini mkate umepanda ana haki ya kumwuliza balozi swali hilohilo. Twathubutu kusema ya kuwa swali lake laweza kuwa gumu kuliko la profesa.

Nafasi za kuuliza zipo, nazo hurudi mwaka kwa mwaka. Septemba, wakuu wa nchi 193 au wajumbe wao hukusanyika New York katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Brazil ikitangulia kusema kwa desturi ya miaka mingi. Mwananchi aweza kuwasikiliza kwa intaneti pasipo kutoka kwake, na vyuo vingi hufanya majadiliano juu ya yale yaliyosemwa. Tarehe 21 Septemba ni Siku ya Amani, na tarehe 24 Oktoba ni Siku ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Mei hukumbukwa kuundwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Addis Ababa mwaka 1963. Sisi wa Kenya tuna bahati nyingine tusiyoitumia vya kutosha: tangu mwaka 1972 Umoja wa Mataifa ulipoamua kuiweka Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira, mikutano mikubwa ya dunia imekuwa ikifanywa hapa petu Gigiri, na mingine huwa na mazungumzo ya pembeni ambayo raia aweza kuomba kuhudhuria.

Aendaye na ajitayarishe kidogo. Asome habari za msemaji na za nchi itakayozungumzwa. Aandike swali lake katika karatasi kabla ya kutoka nyumbani, liwe moja, tena fupi. Hapa hatuna budi kulalamika kidogo, maana maradhi ya kumbi zetu ni mtu apewaye kipaza sauti ili aulize, naye akahutubu dakika saba, akamalizia kwa kumshukuru mwenyekiti, swali lisionekane. Waliokuja kwa miguu na wenye basi la kuwahi hukosa nafasi kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Mwenyekiti mwema humkatiza kwa adabu, wala watu wasimwone mkali.

Limebaki jambo la lugha, na huenda ndilo linalowazuia wengi kuliko yote. Hotuba nyingi za namna hii Nairobi hutolewa kwa Kiingereza, na mtu mwenye swali zuri hukaa kimya kwa kuogopa kukosea sarufi mbele ya watu. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alisimama katika mkutano wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, akahutubu kwa Kiswahili, na wakalimani hawakuwa tayari. Tangu hapo mambo yamesogea: UNESCO iliichagua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Ikiwa wakuu wa nchi wamekikubali mezani kwao, hatuoni kwa nini ukumbi wa chuo ushindwe kulipokea swali la Kiswahili na kumpa mtu mmoja kazi ya kulifasiri. Atakaye kuuliza kwa Kiswahili na awaambie wenye mkutano mapema, kabla ya siku yenyewe, ili wasipate kisingizio.

Na kwa wale watakaokwenda Gigiri: chukueni kitambulisho au pasipoti, mfike nusu saa kabla ya wakati, kwa maana ukaguzi wa langoni hauna haraka.