Mtoto wa Tumbili si wa Kufuga

Mara nyingi tumbili wakifukuzwa katika mahindi, kundi hukimbia na mtoto mmoja hubaki nyuma. Watoto wa nyumbani humshika, humfunga kamba kiunoni na kumpa uji. Huwa mpole, na kila mtu humpenda. Pengine wewe msomaji umepata kufanya hivyo. Yafaa ujue mwisho wake.

Wazee husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumbili aliyelelewa na watu hajui kujitafutia chakula mwituni, wala hajui desturi za wenzake. Akikomaa, yapata miaka 4 au 5, huweza kuuma vibaya sana. Hapo mwenyewe humchoka na kwenda kumwacha porini. Lakini kundi geni huweza kumpiga hata kumwua. Na akipona, hurudi kuiba chakula majumbani.

Huko Diani, katika Kaunti ya Kwale, kiko kituo kiitwacho Colobus Conservation. Kilianzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya kuwalinda mbega wa pwani, na hutibu pia tumbili, kima, nyani na komba. Wengine wamegongwa na motokaa, wengine wameunguzwa na nyaya za stima au kunaswa mitegoni, na wengine walikuwa wakifugwa nyumbani.

Kumrudisha mnyama aliyefugwa si kazi ya siku moja. Kwanza hutengwa na kupimwa, maana watu huweza kumwambukiza kifua kikuu. Kisha hutiwa pamoja na wenzake, ajifunze ni nani mkubwa wa kuogopwa na ni nani rafiki. Watunzaji hupunguza kumshika, naye huzoezwa majani na matunda ya mwituni. Mwisho, kundi zima hukaa katika banda la wavu ndani ya msitu mpaka wapazoee, ndipo mlango hufunguliwa. Hata baada ya hapo hufuatwa na kuangaliwa. Kosa la siku moja huweza kuleta kazi ya miaka.

Kwa mbega shida ni kubwa zaidi. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama la ng'ombe, na vijidudu vilivyomo ndivyo huyeyusha majani anayokula. Wajua ya kuwa ng'ombe akila nafaka nyingi ghafula huvimba tumbo. Vivyo hivyo mbega akilishwa mkate au ndizi mbivu huweza kufa. Kwa hiyo mtoto wa mbega, ambaye huzaliwa mweupe mwili mzima, ni vigumu sana kumlea kwa chupa.

Basi, ukimkuta mtoto wa tumbili au mbega:

1. Usimshike. Ondoa watu na mbwa, ukae mbali. Huenda mama yake akarudi.
2. Ikiwa mama amekufa, au mtoto ameumia, peleka habari siku ile ile kwa Shirika la Wanyamapori (KWS).
3. Usimpe maziwa ya ng'ombe wala chakula chako.
4. Akimwuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha enda hospitali upesi, kwa kuwa kuna hatari ya kichaa cha mbwa.

Tena kumbuka kwamba sheria ya mwaka 2013 yakataza kufuga mnyama wa mwitu pasipo kibali.

Kulinda mahindi yako ni haki yako. Wafukuze tumbili, lakini umwache mtoto amfuate mama yake.