Kabla ya kumtuhumu jirani, tutazame chungu chetu

PAKA wa nyumba akidhoofu na kufa, neno la kwanza kusemwa katika vijiji vyetu ni kwamba jirani amemtilia sumu. Sisi wa Kashozi tunaishi mgomba kwa mgomba, Waislamu na Wakristo, na neno kama hilo likishatamkwa halirudi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Basi na tuanze kutazama jikoni kwetu.

Mtume Muhammad (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Abu Qatada, kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani. Ndiyo maana baada ya kula tunamwekea mabaki ya ndizi na mchuzi wa dagaa, tukitaraji ujira. Lakini ndani ya mchuzi ule mna kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili ni sumu kwake.

Vitunguu, pamoja na majani yake, vina kemikali za salfa ambazo huharibu chembechembe nyekundu za damu ya paka. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zaweza kumdhuru. Kwa paka wa kilo 4 ni gramu 20, yaani kama robo ya kitunguu cha wastani. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Wala mpishi asidhani kwamba moto umekwisha kuiondoa sumu hiyo, kwani haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Hata anayelishwa kidogo kidogo kila siku hudhurika.

Na hapa ndipo dhana inapozaliwa. Mara nyingi dalili hazionekani siku ile ile. Hupita siku kadhaa, ndipo paka huacha kula, hujilaza pembeni, fizi hupauka, pumzi huenda mbio, na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Kufikia hapo, nani anaukumbuka mchuzi wa Ijumaa iliyopita? Jirani ndiye aliye karibu kukumbukwa.

Wapo wanaomhurumia mgonjwa huyo wakampa parasetamo. Hilo ni kosa kubwa: kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi, na aelezwe alichokula.

Si kila jani la jikoni ni adui. Giligilani na rehani hazina sumu kwa paka. Mchaichai tunaouotesha uani waweza kumvuruga tumbo akiutafuna.

Sote tumesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Yule aliua kwa kunyima; sisi tunaweza kuua kwa kugawa. Tunawaomba kina mama, na kina baba wachache waingiao jikoni, watenge dagaa wa paka mapema, wawachemshe kwa maji matupu, kabla kitunguu hakijaingia chunguni.